Ngoma Ivumayo Haidumu

Hebu nikuulize: je, mtu aweza kuimba sifa za mawimbi ilhali hayajui? Usicheke. Yalitokea California, Marekani.

Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao ulitoka visiwa vya Hawaii. Mbao za zamani zilikuwa nzito kweli kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaanza kutengenezwa kwa povu gumu, zikawa nyepesi. Basi vijana wakamiminika ufuoni, na filamu ya Gidget ya 1959 ikawavuta wengine wengi.

Mwaka wa 1961, Dick Dale, mcheza gita wa mkono wa kushoto, alikuwa akiwarusha vijana katika ukumbi wa Rendezvous huko Balboa. Yeye mwenyewe aliteleza mawimbini, akataka gita lake lingurume kama bahari. Mwaka wa 1962 alitoa Misirlou, wimbo wa zamani wa pande za mashariki ya Mediterania, akaupiga kwa kasi ya ajabu.

Wakati huo huo likazuka kundi la Beach Boys. Walisifu mawimbi kwa sauti tamu, lakini aliyeyapenda hasa ni mpiga ngoma wao, Dennis Wilson. Kakake Brian, mtunzi mkuu, hakuwa na habari na ubao! Hata hivyo sahani zao zilinunuliwa hata na vijana wasioishi karibu na bahari.

Lakini wapi! Februari 1964 Beatles wa Uingereza walionekana katika televisheni ya Marekani, wakatazamwa na watu wapatao milioni 73. Vijana wakageuka. Mwaka wa 1965 vita vya Vietnam vikapamba moto, na nyimbo za jua na mchanga zikaonekana za kitoto.

Je, yote yaliisha? La hasha! Misirlou ilisikika tena katika filamu ya Pulp Fiction mwaka wa 1994, na mchezo wenyewe ukaingia Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mtindo ulikufa, ujuzi ukabaki.

Nasema haya kwa sababu mwaka jana niliacha kujifunza gita, wenzangu waliponicheka eti limepitwa na wakati. Sasa nimelirudia. Wenzangu, wanaofuata umati huchoka umati ukihama. Je, wewe unapenda kitu, au unapenda kelele zake?