Mzuka katika Skuli Tupu: Je, Roho ya Maiti Hurudi?

AlhamduliLlaah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Tumeulizwa na mzazi mmoja kuhusu jambo linalowagusa wengi. Mwanafunzi amefariki, Allaah Amrehemu, na haukupita muda wenziwe wakaanza kusema kuwa wanamwona jioni darasani kwake, skuli ikishafungwa. Kijana mmoja akajifunga shuka mabegani na kuingia humo peke yake "kupigana na mzuka", kama anavyoona kwenye katuni. Alitoka mbio, na tangu hapo halali. Mbaya zaidi, habari zimemfikia mama wa marehemu.

Katuni za namna hii tunazijua. Danny Phantom, iliyoanza Marekani mwaka 2004, ina mwanafunzi wa miaka 14 aliye nusu mtu nusu mzuka, anayepambana na mizuka hata skulini kwake. Lakini tuseme kweli: khofu hii haikuletwa na televisheni. Mizimu tulikuwa nayo zamani, na mwaka 1995 watu wazima hapa Zanzibar walilala nje ya nyumba zao kwa kumwogopa Popobawa.

Roho ya maiti haizururi madarasani. Allaah Ametueleza katika Suratul-Mu'minuun, aya ya 100, kuwa baada ya kufa kuna barzakh mpaka siku ya kufufuliwa, na katika Suratuz-Zumar, aya ya 42, kuwa Yeye Huizuia nafsi Aliyoihukumia mauti. Ama mtoto aliyefariki kabla ya kubaleghe, Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliona katika ndoto, na ndoto za Mitume ni wahyi, Nabii Ibraahiim ('alayhis-salaam) katika bustani akiwa amezungukwa na watoto waliokufa katika maumbile ya asili. Imo katika Swahiyh Al-Bukhaariy. Huko ndiko aelekezwe mama huyu, si kwenye darasa tupu.

Basi kijana alisikia nini? Skuli zetu nyingi zimeezekwa bati. Jua likizama bati hupoa, hunywea, na hugonga kama mtu anayetembea juu. Popo nao hutoka wakati huohuo. Majini wapo, hatuwakanushi, lakini si kila kishindo ni jini. Na hata akiwa jini, tuna kisa cha Abu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu), alipokuwa akilinda zaka ya Ramadhani. Alimkamata mwizi siku tatu mfululizo, na mara mbili akamwachia kwa kumwonea huruma. Mara ya tatu mwizi akamfundisha kusoma Aayatul-Kursiy anapokwenda kulala, na Mtume akambainishia kuwa yule alikuwa shetani, muongo aliyesema kweli safari hiyo.

Kijana afundishwe Aayatul-Kursiy na Suratul-Falaq na An-Naas, alale karibu na wazazi siku chache, kisha baba yake amshike mkono waende darasani mchana walitazame bati lile. Asipelekwe kwa mganga. Suratul-Jinn, aya ya 6, inaeleza namna watu waliojikinga kwa majini walivyozidi kutaabika.

Waliozusha maneno haya wajue kuwa si halali Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake, kama alivyopokea Abu Daawuud. Wazazi wao wawachukue waende wakamwombe radhi mama wa marehemu, tena mapema.

Wa Allaahu A'lam.