JE, KOMPYUTA YAKO YAHITAJI KADI YA SAUTI?

Askari hufunzwa tangu siku za ukuruta kwamba silaha ikikataa kufanya kazi, jambo la kwanza si kuomba silaha nyingine, bali ni kutafuta sababu. Kanuni hiyo yafaa pia kwa vyombo vingine vilivyoingia makambini, vituoni na majumbani mwetu, kompyuta ikiwa miongoni mwavyo.

Hivi karibuni nilifika Kyondo, kwenye vilima vya Rwenzori wilayani Kasese, upande wa kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Huko nilimkuta sajini mmoja, aliyekuwa likizoni, akiwa katika shughuli njema. Baba yake alifanya kazi miaka mingi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, ule uliosababisha reli kufikishwa Kasese mwaka 1956. Mzee alikuwa akisimulia maisha yake kwa Lhukonzo, na mwanawe akiyanasa kwa kompyuta ndogo ya kubebea.

“Afande,” akaniambia, “sauti ya mzee inafunikwa na mvumo. Nimeshauriwa ninunue kadi ya sauti. Fedha niliyo nayo ni karo ya mtoto, na mzee naye afya yake si nzuri. Nifanyeje?”

Swali hilo lastahili jibu la makini.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Kipaza sauti huugeuza mtetemo huo kuwa umeme. Lakini kompyuta haifahamu ila tarakimu. Kazi ya kadi ya sauti ni kuugeuza umeme kuwa tarakimu wakati wa kunasa, na kuzirudisha tarakimu kuwa umeme wakati wa kusikiliza. Zamani kompyuta nyingi za mezani ziliweza kutoa mlio mwembamba tu. Ndiyo sababu kadi kama AdLib ya mwaka 1987, na Sound Blaster ya mwaka 1989 kutoka kampuni ya Creative ya Singapore, zilipokelewa kwa shangwe. Lakini mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitoa kanuni iitwayo AC’97, na kazi hiyo ikaanza kuhamia kwenye ubao mkuu wa kompyuta yenyewe. Mwaka 2004 ikafuata kanuni iliyo bora zaidi. Hivyo kompyuta karibu zote za leo huzaliwa na uwezo huo.

Je, uwezo huo watosha? Sikio zima la kijana husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Simu za zamani zilipitisha 300 hadi 3,400 tu, na maneno yakafahamika. Redio ya FM hufikia 15,000. Kompyuta ya kawaida hupima sauti mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na kwa vipimo hivyo huweza kunasa mitetemo yote isikiwayo na binadamu. Lhukonzo ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana; hata hivyo toni hizo zimo katika mitetemo ya chini, ambayo chombo hicho huichukua bila taabu. Basi adui wa sajini hakuwa udogo wa kipimo, bali mvumo.

Tukafanya majaribio. Kwanza tulinasa kimya kwa sekunde kumi, kompyuta ikiwa kwenye chaji: mvumo ukasikika. Pili, tukachomoa chaja na kunasa tena kwa betri: mvumo ukatoweka. Umeme wa majumbani mwetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na kelele zake, pamoja na zile za chaja, huweza kupenya hadi kwenye waya wa kipaza sauti. Tatu, kipaza sauti kilichokuwa mwisho wa meza tukakisogeza hadi shubiri moja kutoka kinywani mwa mzee. Sauti ikaja nzito na safi. Hakuna shilingi iliyotumika.

Haina maana kwamba kadi ya pekee ni anasa nyakati zote. Wenye studio, wanamuziki wanaonasa ala kadhaa kwa pamoja, na yule ambaye kompyuta yake yakwaruza hata ikiwa kwa betri, hao wana haja ya kweli. Kwa kuwa kompyuta ya kubebea kwa kawaida haina nafasi ya kadi ya ndani, wachague ya nje, ichomekwayo kwenye tundu la USB. Lakini mwenye kipaza sauti cha USB ajue kwamba chombo hicho kimebeba kadi yake tumboni. Kumnunulia nyingine ni kuvaa koti juu ya koti.

Jioni ile mzee alisimulia hadi betri ilipokwisha, na karo ya mjukuu wake ikabaki salama. Wahenga walisema akiba haiozi. Ndugu askari, jaribu kwanza, nunua baadaye.