Mia Mbili Zilizobaki

Nambari tatu zimeninyima usingizi wiki hii: 1,300, 2,700 na 1,500. Nilizikuta katika kitabu cha Eric Kandel, daktari aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kuchunguza jinsi kumbukumbu inavyojengeka.

Mwalimu wake alikuwa Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli za neva kama 20,000 tu, baadhi zikionekana kwa macho matupu. Kandel alimpiga shoti ya umeme mkiani. Kwa shoti moja, konokono alinywea kwa woga kila alipoguswa, kwa dakika chache. Kwa shoti tano zilizoachanishwa, woga ulidumu siku kadhaa.

Kandel anaeleza kwamba kumbukumbu fupi huimarisha tu njia iliyopo kati ya seli. Ile ya kudumu huamsha jeni ndani ya kiini, protini mpya hutengenezwa, na seli huchipua viungo vipya. Aliyekumbuka amebadilika mwili.

Wenzake, Craig Bailey na Mary Chen, waliketi kuvihesabu viungo hivyo. Seli moja ilikuwa na 1,300 hivi. Konokono alipofunzwa woga, vikawa 2,700. Woga ulipofifia, vikapungua hadi 1,500. Havikurudi vilipoanzia. Kandel anaona huenda hivyo mia mbili ndivyo vinavyofanya somo lilelile liingie upesi mara ya pili.

Kandel alikuwa na sababu ya kuuliza jinsi woga unavyokumbukwa. Novemba 1938 jijini Vienna, siku mbili baada ya yeye kutimiza miaka 9, polisi wa Kinazi waligonga mlango wa familia yake kwa kishindo na kuwafukuza. Waliporudi, kigari chake kipya cha buluu, zawadi ya siku ya kuzaliwa, kilikuwa kimeibwa. Hadi uzeeni hakusahau kule kugongwa kwa mlango.

Sisi Kenya nasi tuna kumbukumbu kama hiyo: ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru, Januari 2008. Uwanja wa maonyesho uligeuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Tangu hapo, kila uchaguzi ukikaribia, kuna familia zinazofunga mizigo na kuelekea stendi kabla jiwe lolote halijarushwa. Tumezoea kuwaita waoga. Mimi sitathubutu tena.

Binadamu si konokono, lakini konokono yule alipata nafuu kwa sababu shoti zilikoma. Sisi tunaongezwa nyingine kila miaka mitano: uvumi, vikaratasi vya vitisho, maneno ya jukwaani. Mtoto aliyelala kwenye hema la kambi ile leo ni mzazi, na uchaguzi wa 2027 unabisha hodi. Kichwani mwake vimebaki vingapi? Na wanawe, wakimwona akifunga mizigo, wanajifunza nini?