Huenda Wewe ni Mwanachama

Mkazi wa mtaa wa Section 58 mjini Nakuru ambaye hajawahi kukanyaga afisi ya chama, hajalipa ada wala kuvaa kofia ya mgombea yeyote, bado anaweza kuwa mwanachama wa chama cha kisiasa machoni pa sheria. Mnamo Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Kisiasa wa wakati huo, Ann Nderitu, alipowapa Wakenya nafasi ya kukagua hali zao kupitia eCitizen, wengi walipigwa na butwaa. Walikuwa wameandikishwa katika vyama ambavyo baadhi yao hawakuwahi kuvisikia hata jina. Malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja kazini.

Chanzo cha uandikishaji huo ni hesabu tu. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inakitaka chama kinachotafuta usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, wote wapiga kura, katika kila kaunti kati ya zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, kwa hivyo zinatakiwa 24, na jumla ni watu 24,000. Kumwendea kila mmoja, kumweleza sera hadi akubali, kisha atie sahihi, ni kazi ya miezi mingi na pesa nyingi. Sasa litazame daftari la wageni pale getini kwenye jumba lolote la afisi mjini Nakuru: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Litazame na daftari la wakala wa M-Pesa. Karibu kila kitu ambacho fomu ya chama inahitaji kiko hapo, kimeandikwa kwa mkono wako mwenyewe. Wananchi wengi walishuku kwamba majina yao yalichotwa kwenye madaftari ya aina hiyo, na mimi naona shaka yao ina mashiko.

Kuna uvumi kwamba vyama hulipwa na serikali kwa kila kichwa kilichoandikishwa. Sivyo. Hazina ya Vyama vya Kisiasa, ambayo kisheria hutengewa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, hugawanywa sehemu kubwa kwa kufuata kura ambazo chama kilipata. Jina lako kwenye sajili hukisaidia chama kupata cheti. Pesa huja na kura.

Basi kuna ubaya gani? Mtu atasema, wacha waniandike, siku ya kura niko peke yangu na karatasi yangu. Angekuwa mkazi wa kaunti nyingine labda ningemwacha, lakini Nakuru hoja hiyo haisimami. Gavana wa kwanza, Kinuthia Mbugua, aliingia 2013 kwa tikiti ya TNA. Lee Kinyanjui akaingia 2017 kwa Jubilee, na Susan Kihika akaingia 2022 kwa UDA. Kila mmoja alipanda chama kilichokuwa kikivuma hapa mwaka ule. Kinyanjui alipotetea kiti chake 2022 kwa tikiti ya Jubilee, ile ile iliyompa ushindi miaka mitano awali, aliangushwa. Mahali ambapo wimbi la chama lina nguvu kiasi hicho, sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika kwenye mchujo wa chama, miezi kadhaa kabla ya Agosti. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwanzoni mwa 2022, mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama walio kwenye sajili ya chama. Usipokuwemo, unasubiri kuchaguliwa mgombea na wengine. Ukiwemo kwenye chama usichokitaka, umefungiwa nje ya kile unachokitaka, kwa sababu sheria hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja.

Anayeumia zaidi ni kijana anayetaka kugombea udiwani, tuseme wadi ya Flamingo au Kivumbini, bila chama. Katiba, kifungu cha 85, inamtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Akigundua akiwa amechelewa kwamba alishaandikishwa mahali, mpinzani ana silaha ya kumpeleka nayo mahakamani. Wapo pia wanaoomba kazi ya ukarani katika vituo vya kura, kazi ambayo tume ya uchaguzi, IEBC, huitaka ifanywe na watu wasioegemea upande.

Wazee wa hapa hawahitaji kufundishwa uzito wa orodha ya chama. Katika mlolongo wa 1988, ni wanachama wa KANU tu walioruhusiwa kupanga foleni kumchagua mgombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Asiye mwanachama hakuwa na foleni. Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kilichoruhusu chama kimoja tu, kiliondolewa Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi, lakini katika Bonde la Ufa chama kikaanza kusomwa kama kabila. Mwaka 2008 wakimbizi wa ndani wa ghasia za baada ya uchaguzi walijaa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Baada ya historia hiyo, kumwandikisha mtu chama kwa siri si mzaha wa makarani.

Tisheti ya chama haina neno. Ukipewa kwenye mkutano wa kampeni katika uwanja wa Afraha, ivae ukilimia. Haikufanyi mwanachama, wala haikuondoi katika chama chako. Kinachohesabika ni sajili. Ingia eCitizen, tafuta huduma za Msajili wa Vyama, ujue uko wapi. Ukikuta jina la chama usichokitambua, una njia mbili. Ya kwanza ni kujiuzulu: unakiandikia chama barua, kujiuzulu kunaanza kinapoipokea, na Msajili anapaswa kuarifiwa ndani ya siku saba. Usikiachie chama kazi hiyo, mwarifu Msajili wewe mwenyewe na ubaki na nakala. Inaudhi kujiuzulu mahali ambapo hukujiunga, lakini ndiyo njia ya haraka. Ya pili ni kulalamika kwa Kamishna wa Data chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayokupa haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa zisizo za kweli. Lalamiko linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na vyama hutakiwa kuwasilisha orodha zao za wanachama miezi kadhaa kabla ya hapo. Jikague sasa, kabla magari ya matangazo hayajaanza kupita mitaani.