Je, mchezo wa simu unaweza kufundisha kemia?

Mzazi akimwona mtoto wa sekondari ameinamia simu, husema anapoteza muda. Mara nyingi ni kweli. Lakini ipo michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya somo la sayansi, na mingine haihitaji bando ukishaipakua.

Mfano ni mkusanyiko wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni wa bure, na sehemu yake imetafsiriwa kwa Kiswahili. Unahitaji simu janja, kitochi hakiwezi.

Chukua mchezo wa kusawazisha milinganyo ya kemikali. Maji (H2O) yanatenganishwa kuwa hidrojeni (H2) na oksijeni (O2). Kushoto kuna atomu moja ya oksijeni, kulia mbili. Kwenye daftari, wanafunzi wengi huongeza namba ndogo ya 2 mbele ya O. Hesabu inakubali, lakini H2O2 si maji tena. Ni kemikali inayotumika kusafishia vidonda, na hainywewi. Kwenye mchezo namba hiyo ndogo haiguswi. Mwanafunzi anabadilisha idadi ya molekuli tu, na kila anayoongeza anaiona imechorwa mbele yake. Akifikisha H2O mbili, H2 mbili na O2 moja, amepata. Akikosea anapoteza alama, wala hachekwi na darasa zima.

Upo pia wa saketi za umeme: betri, nyaya, balbu na swichi. Ukiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inawaka moto kwenye kioo. (Usijaribu hilo kwa betri ya sola ya nyumbani. Moto wake ni wa kweli.)

Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo simu au kompyuta moja ya mwalimu hutumika kwa kundi. Hiyo si hasara. Mwalimu mzuri huuliza kwanza, "Balbu ya pili itafifia au haitafifia?", kila mmoja akaandika jibu lake, ndipo akabonyeza. Bila swali hilo wanabonyeza tu mpaka alama zije.

Kisichofundishwa na kioo ni mikono. Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne unataka mtu aliyewahi kushika bureti na kusoma kipimo chake, kwa hiyo shule isiyo na vifaa hivyo bado ina deni kwa wanafunzi wake.