Mgonjwa wa akili anapokuwa mkali nyumbani

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo familia nyingi hulificha ndani ya nyumba mpaka mambo yanapoharibika.

Jumapili moja jioni, tukiwa tunabadilishana zamu, wanaume wanne walimleta wodini kijana wa miaka kama 22. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba ya katani tangu asubuhi. Vidole vilikuwa vimevimba na vimeanza kubadilika rangi. Nyuma yao alikuja mama yake, mtandio umeshushwa mpaka kwenye nyusi. Nilipoufunua niliona jeraha kwenye paji la uso. Nikamwuliza, "Mama, nani amekuumiza?" Akajibu, "Nimeanguka kisimani." Ukweli ni kwamba alikuwa amepigwa mchi na mwanawe, na bado alikuwa anamlinda.

Tulikuwa na wagonjwa wawili usiku ule, si mmoja.

Kwa nini anakuwa mkali?

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Wengi wa wagonjwa wa akili hawampigi mtu yeyote. Wengi hukaa kimya, hujitenga, na mara nyingi wao ndio wanaopigwa na kutupiwa mawe.

Anayekuwa mkali, mara nyingi ana hofu. Kijana yule alikuwa anasikia sauti zikimwambia kwamba mama yake ametia sumu kwenye ugali. Mama aliposogea na sahani, yeye aliona mtu anayekuja kumwua. Kwa mawazo yake, alikuwa anajitetea. Ukijua hivyo, utaacha kusema "huyu ana kiburi" au "anajifanya".

Chunguza mwili kwanza

Si kila anayechafukwa ghafla ana ugonjwa wa akili. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, kuacha pombe ghafla baada ya kunywa kwa miaka, na kupungua kwa sukari mwilini huweza kumfanya mtu atukane na kupigana. Mwenye kifafa naye anaweza kuwa hivyo kwa muda baada ya degedege.

Kwa hiyo, mtu aliyekuwa mzima juzi na leo hajui alipo, hasa akiwa na homa, awahishwe hospitali saa ile ile. Kumzungusha kwa waganga siku tatu kunaweza kumwondolea maisha.

Dalili zinazotangulia

Hasira hii hutanguliwa na dalili. Mgonjwa halali usiku mbili tatu mfululizo. Anatembea huku na huko, anakunja ngumi, sauti inapanda, anakataa chakula kilichopikwa nyumbani, anabishana na mtu asiyeonekana. Ukiona hayo, usingoje. Ondoa panga, shoka, mchi na visu mahali pa wazi, kisha mpeleke kliniki akiwa bado anakubali kutembea kwa miguu yake.

Akishachafukwa, fanya hivi

1. Watu wapungue. Umati wa majirani dirishani unamwongezea hofu. Watoto waondolewe kwanza.

2. Mtu mmoja tu azungumze naye, yule anayemwamini zaidi. Azungumze polepole, kwa sauti ya chini na maneno machache, amwite kwa jina lake.

3. Simama mbali kiasi asichoweza kukufikia kwa mkono wala kwa mguu, upande kidogo, mikono yako ionekane. Usimzibie mlango, na wewe mwenyewe uwe na njia ya kutokea.

4. Usibishane na sauti anazozisikia, wala usijifanye unazisikia. Sema, "Mimi siisikii, lakini naona imekutisha. Niko hapa."

5. Usimcheke, usimtishe, usimpige. Mpe nafasi ya kuchagua jambo dogo: "Tukae ndani au nje?" "Utakunywa maji au chai?"

6. Akiwa ameshika silaha, usijaribu kumnyang'anya. Toka na wengine, mwite mwenyekiti wa kitongoji au polisi, na uwaambie wazi kwamba huyu ni mgonjwa, si mhalifu.

Haya nimejifunza kwa kuumia. Nilipokuwa bado mgeni kazini, nilimwendea mgonjwa kwa nyuma nikiwa na sindano mkononi bila kumwambia neno. Alinipiga kofi miwani ikaruka. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba mgonjwa yule alikuwa mbaya. Leo nasema kosa lilikuwa langu. Nani asiyeruka akijiwa kwa nyuma na kitu chenye ncha?

Juu ya kamba na minyororo

Wodini, ikibidi kumshika mgonjwa ili asijidhuru, tunakuwa watano: mmoja kwa kila mkono na mguu, wa tano analinda kichwa na kumweleza kila tunachofanya. Tunamwachia mara anapotulia.

Nyumbani, mwite mtu wa afya mapema. Ikiwa hakuna njia nyingine na lazima ashikwe njiani, mshikeni kwa mikono, watu wa kutosha. Ikishindikana, tumieni shuka au kanga pana, kamwe si kamba, waya wala mnyororo. Msimlaze kifudifudi, msimkalie mgongoni, msimkabe shingo wala kumfunga kifua. Watu hufa kwa kukosa pumzi. Tazameni vidole vyake kila mara: vikiwa vya baridi, vikivimba au kubadilika rangi, legezeni. Mpeni maji, na asiachwe peke yake. Kumfunga mtu kwenye nguzo ya nyumba wiki nzima si matibabu. Kijana wetu alipona hasira, lakini kidole gumba cha kulia hakina nguvu mpaka leo kwa sababu ya kamba ile.

Dawa

Sindano ya kutuliza humpa usingizi siku ile, lakini sauti na mawazo mabaya huchukua wiki kadhaa za dawa kupungua. Vumilieni. Akianza kupinda shingo, macho kupanda juu au ulimi kukakamaa, hajaingiwa na jini. Ni madhara ya dawa na yana tiba. Mrudisheni hospitali upesi.

Msimfichie dawa kwenye uji. Siku akigundua, ataamini kweli kwamba mnamwekea sumu. Anayeshindwa vidonge vya kila siku anaweza kupata sindano ya mara moja kwa mwezi. Wala msiache dawa kwa kuwa "amepona". Hata baada ya dalili kuisha, kwa kawaida huendelea mwaka mmoja au zaidi, na anayezipunguza ni mganga wa hospitali. Bhangi na pombe hurudisha ugonjwa.

Na mama je?

Siku ya tatu nilimkuta mama yule nyuma ya jiko la wodi, analia. Aliniambia hajalala usingizi kamili kwa wiki tatu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sista, nimemwomba Mungu amchukue huyu mtoto. Nimefanya dhambi kubwa." Sikumkemea. Nilimwambia kwamba aliyesema maneno yale ni uchovu, na mama asiyempenda mwanawe hamfuati kwa miguu maili kumi na jeraha usoni. Nikampa kitanda kitupu alale. Alilala saa kumi na nne.

Wazazi wanaouguza, ninyi hamkuuleta ugonjwa huu kwa malezi mabaya wala kwa laana. Gawaneni zamu: kaka, shangazi, baba mdogo, kila mmoja awe na siku yake. Mtunzaji apate usiku wa kulala na siku ya kutoka. Akipigwa, atibiwe na aseme ukweli, maana kuficha jeraha kunatunyima nafasi ya kusaidia. Watoto wa nyumba ile waelezwe kwamba kaka yao anaumwa na hawana kosa.

Na sisi majirani na wanajumuiya: akiumwa mtu malaria tunakwenda na uji, akiumwa akili tunakwenda na maneno. Tubadilike. Nendeni mkakae na mgonjwa saa mbili mama aende sokoni. Changeni nauli ya kliniki. Mgonjwa akitulia mpeni kazi. Hospitali ya Lutindi, kule milima ya Usambara, imewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia, na kazi za mikono na shamba ni sehemu ya matibabu yao.

Kijana yule aliugua tena mara moja, familia ilipoacha sindano kwa kuona amepona. Safari hiyo mama aliona dalili mapema, na walikuja kwa basi, wamekaa kiti kimoja, bila kamba. Sasa anafyatua matofali. Mama huja naye kliniki kila mwezi, na mtandio wake siku hizi anaufunga nyuma, uso wote unaonekana.