Mzazi anaposahau, mlinganishe na yeye mwenyewe

Mama yako ana miaka 68. Leo amekuuliza mara mbili kama umekula. Unajiambia, “Ni uzee tu.” Je, una uhakika?

Swali hili limewasumbua hata watafiti. Njia rahisi ya kuchunguza jinsi umri unavyoathiri akili ni kuwakusanya vijana na wazee, kuwapa mtihani mmoja, kisha kulinganisha alama. Wazee wakipata alama za chini, ni rahisi kusema umri ndio uliowapunguzia akili.

Lakini huenda kijana amesoma hadi chuo na mzee aliishia darasa la nne. Tofauti yao inaweza kutokana na shule au lishe ya utotoni, si umri.

Mwaka 1956, mjini Seattle, Marekani, mtafiti K. Warner Schaie alianza kuwapima watu wazima, kisha akawarudia kila baada ya miaka saba, huku akiongeza wapya. Kila mmoja alilinganishwa na alama zake za zamani. Ikaonekana kwamba kwa watu wengi, uwezo mwingi wa akili haushuki sana kabla ya miaka ya 60. Kasi ya kufikiri hupungua mapema, lakini msamiati hudumu.

Njia hii nayo ina kasoro. Wagonjwa huacha kurudi, na wanaorudi huuzoea mtihani. Ndiyo maana watafiti hutumia njia zote mbili.

Nawe fanya hivyo nyumbani: usimpime mama kwa jirani wala kwa kijana, mpime kwa alivyokuwa mwaka jana. Kusahau jina kisha likamjia baadaye ni kawaida. Lakini kama alikuwa akihesabu chenji vizuri na sasa anashindwa, anapotea njia aliyoizoea, au anarudia swali lilelile kila siku, mpeleke kwa daktari. Andika mifano na tarehe, uende nayo pamoja na dawa zote anazotumia.

Usikate tamaa mapema. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya dawa huweza kuvuruga kumbukumbu, na hutibika au kurekebishwa. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usisubiri: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.